Picha Iliyopigwa Juu ya Mlango

Zilikuwa zimebaki siku tisa nifunge ndoa na Daktari wa Meno, nami nilitaka kumpa zawadi ambayo hakuna duka lingeweza kumuuzia.

Kazi yangu ni kutengeneza picha za nyumba kwa kompyuta. Mtu analeta ramani ya nyumba ambayo bado ni kiwanja kitupu, mimi namtengenezea sebule yenye makochi, mapazia na jua linaloingia dirishani, mpaka anasahau kwamba hata tofali moja halijawekwa. Zawadi yangu ilikuwa ya namna hiyo. Nilitaka kuchukua ile picha aliyonipiga, ambayo nakala yake moja ilikuwa mezani kwake kliniki na nyingine kando ya kitanda changu, niijenge upya kwenye kompyuta kitu kwa kitu, halafu nimwingize na yeye ndani, amesimama nyuma yangu.

Picha hiyo ndiyo iliyonifanya nikubali posa. Nimekaa kwenye stuli karibu na dirisha la chumba changu, nimevaa gauni la nyumbani, nywele zimelowa, nachana huku najichekea. Daktari aliniambia kwamba alifika jioni hiyo akakuta mlango haujafungwa vizuri, akausukuma kidogo, akaniona.

"Nilishindwa kukuita," alisema. "Nilisimama pale mlangoni nikapiga picha moja tu, nikarudi nje nikabisha hodi kama mtu mwenye adabu zake."

Nililia siku aliponionyesha. Dada yangu naye akalia. Mama alisema, "Mwanaume wa hivi hata uzunguke na tochi mchana kweupe humpati."

Basi siku hiyo asubuhi nikawahi ofisini kabla ya wenzangu, nikaanza. Chumba changu nakijua kwa sentimita; nilishakipima chote nilipohamia. Nikakijenga: kuta nne, dirisha, kitanda, stuli, rafu ya vitabu. Ikabaki kazi ya kuoanisha kamera. Kila anayefanya kazi yetu anajua hapo ndipo jasho linapotoka. Kamera ya kufikirika iliyo ndani ya kompyuta inabidi isimame palepale iliposimama kamera ya kweli, kwa kimo kilekile, imeinama vilevile, na lenzi iwe ya upana uleule. Ukikosea kwa kiganja tu, meza inaelea hewani na mtu anaonekana kama amebandikwa kwa gundi.

Niliiweka kamera mlangoni, kwenye kimo cha macho ya mchumba wangu. Chumba kikakataa. Dirisha lilikaa, kitanda kikapinda. Nikirekebisha kitanda, dirisha linakimbia. Nikasogea kulia, nikarudi nyuma, nikabadilisha lenzi. Saa nzima ikapita nikihangaika kama mtu anayelazimisha ufunguo wa mlango wa jirani.

"Leo umeamkia upande gani?" sauti ikasema nyuma yangu.

Alikuwa Rula, mwenzangu wa meza ya pili. Tulimpa jina hilo kwa sababu ni mrefu, mwembamba, na hawezi kupita kwenye picha iliyopinda ukutani bila kuinyoosha, hata akiwa msibani.

"Hii picha haitaki kukaa," nikamwambia. "Na ni ya chumba changu mwenyewe!"

"Umeweka kamera wapi?"

"Mlangoni. Kwenye kimo chake."

"Kimo cha nani?"

"Cha mchumba wangu, jamani. Ndiye aliyenipiga."

Rula akavuta kiti. Aliitazama picha, halafu akanitazama mimi, akayarudisha macho kwenye skrini haraka. Siku hizo nilikuwa nimeshazoea kutazama kwake kwa wizi. Nilikuwa nikimhurumia kidogo.

"Tumweke mchumba pembeni," akasema. "Rafu yako ina urefu gani?"

"Mita moja na sentimita tisini."

"Na yeye?"

"Ananizidi vidole viwili hivi."

"Sasa angalia. Juu ya rafu kuna boksi la viatu, na mbele ya hilo boksi ule ubao wa juu kabisa unaonekana. Mtu wa kimo chake hauoni ubao huo hata asimame kwa ncha za vidole."

Nilikuwa na picha hiyo kando ya kitanda kwa miezi minane. Sikuwahi kulitazama boksi la viatu. Nilikuwa nikijitazama mimi, nikitazama jinsi mtu anavyoonekana anapopendwa.

"Labda aliinua simu juu," nikasema.

"Labda." Sauti yake haikuwa na ubishi. "Tumwachie mwenyewe atuambie. Na pembe za kuta, unaona zinavyobanana kuelekea chini? Kamera ilikuwa juu inaangalia chini. Halafu picha imekatwa upande mmoja, kwa hiyo katikati yake si katikati ya lenzi. Ndiyo maana inakusumbua. Iachie kamera, usiifunge kwenye kimo cha mtu."

Nikaiachia. Nikapandisha kamera, nikaiinamisha, nikaongeza upana wa lenzi. Chumba kikaanza kutulia, kona baada ya kona, hadi kila mstari wa kompyuta ukalala juu ya mstari wa picha. Kuna raha fulani hapo, kama kifungo kuingia kwenye tundu lake. Nikapiga makofi.

Rula hakupiga. Alikuwa anasoma namba pembeni mwa skrini.

"Mlango wako una urefu gani?"

"Mita mbili na sentimita nne."

"Kamera iko mita mbili na ishirini na nane. Na iko sentimita nne tu kutoka ukutani." Akanigeukia. "Dada, juu ya mlango wako kuna nini?"

"Saa," nikajibu. "Saa ya ukutani. Yeye ndiye aliyeniletea nilipo..."

Nilikuwa natabasamu nilipoanza kusema. Tabasamu likabaki usoni peke yake, halina pa kushika.

"Naomba Mungu niwe nimekosea mahesabu," Rula akasema polepole. "Unataka nikusindikize?"

"Hapana," nikasema. Nilikuwa nimeshasimama, naifunga kompyuta yangu nitoke nayo.

Nilifika nyumbani saa sita mchana. Chumba kilikuwa kama nilivyokiacha, kitanda kimetandikwa, kitana juu ya meza. Nikapanda kwenye stuli nikaishusha saa. Ilikuwa saa nzuri, nyeupe, yenye namba kubwa. Chini ya namba kumi na mbili kulikuwa na nukta nyeusi ndogo kama kichwa cha pini. Ilikuwa inang'aa kidogo, kama jicho la panya.

Simu yangu ikalia kwenye mkoba. Ujumbe.

*Umerudi mapema leo, roho yangu. Unaumwa?*

Sikuwa nimemwambia mtu yeyote.

Nikaigeuza saa kifudifudi kitandani. Nikaiona haifai kuwa kitandani. Nikaipeleka jikoni, nikaiweka sakafuni, nikaifunika kwa sufuria kubwa kabisa niliyokuwa nayo. Halafu nikakimbilia sinki nikatapika chai yote ya asubuhi.

Niliponawa mdomo, mambo yakaanza kuja yenyewe, moja likivuta jingine. Daktari alikuwa mtu wa miujiza. Siku tumbo la mwezi liliponikaba, alikuja na dawa na chupa ya maji ya moto kabla sijafungua mdomo. "Moyo wangu uliniambia," alisema. Usiku niliolia kwa sababu ya kumbukumbu ya baba, asubuhi yake akaja na maua, na kadi imeandikwa: *Usilie peke yako.* Nilimwonyesha dada ile kadi kwa majivuno. Kila mwezi alipanda stuli mwenyewe kuishughulikia saa. "Inachelewa kidogo, mpenzi, acha niirekebishe." Nami nilikuwa namshikia stuli asianguke!

Miezi kumi na minne. Nilikuwa nikitoka kuoga na kubadilisha nguo chini ya jicho hilo. Nilikuwa nimecheza muziki nikiwa na ufagio mkononi. Nilikuwa nimejipiga busu kwenye kioo nikijaribu rangi ya midomo ya siku ya harusi. Dada yangu alikuja na mtoto mchanga akakaa palepale kitandani wiki nzima, kifua wazi, ananyonyesha. Ngozi yangu yote ikasisimka kwa kinyaa, kama mtu aliyevaa nguo ya ndani ya mtu mwingine bila kujua.

Simu ikalia tena. *Mbona kimya? Mbona giza?*

Nilichukua bisibisi kwenye droo, nikafungua mgongo wa saa. Waya, kadi ndogo, taa ya bluu isiyozidi punje ya mchele. Nikaing'oa betri. Nikavifunga vyote kwenye taulo nikaenda kwa mama.

Mama alikuwa sebuleni na mjomba, kaka yake mkubwa, ambaye tangu baba afariki ndiye anayesimama mahali pake. Walikuwa wanapanga majina ya wageni meza kwa meza. Nikaweka taulo katikati ya majina, nikaifungua, nikasimulia.

Mjomba aliivaa miwani yake, akaigeuza saa mara mbili. Mama ndiye aliyesema.

"Labda ni ulinzi tu, mwanangu. Unaishi peke yako. Siku hizi watu wanaweka kamera hata madukani."

"Madukani wanabandika tangazo, mama."

"Ni kijana. Wivu wa mapenzi. Ataitoa, ataomba radhi."

"Mimi sitaki radhi yake. Sitaki harusi."

"Kadi zimeshatoka!" Mama alishika kichwa kwa mikono miwili. "Ukumbi, nguo, watu wametoka mbali. Mimi nitawaambia nini? Kwamba binti yangu amemwacha daktari kwa sababu ya saa?"

Kabla sijajibu, mlango ukagongwa. Alibisha hodi mara tatu, taratibu, kama mtu mwenye adabu zake.

Daktari aliingia akiwa bado na shati lake jeupe la kazini. Harufu yake ya mnanaa ikamtangulia. Zamani niliipenda harufu hiyo hata nikanunua sabuni inayofanana nayo; sasa ilinipanda kooni kama kitu kilichooza na kupakwa marashi.

"Shikamoo, mama. Shikamoo, mjomba."

"Marahaba," mama akaitikia kwa mazoea. Mjomba alikuwa anaitazama saa.

Daktari akaiona. Kwa sekunde moja uso wake ulikuwa mtupu kabisa. Halafu akatabasamu, tabasamu lile la kuwatuliza wagonjwa kabla ya sindano.

"Mpenzi, tuzungumze pembeni, sisi wawili."

"Hapahapa."

"Ni jambo letu la ndani."

"Ndani umeshakaa vya kutosha," nikasema. "Ulisema ulisimama mlangoni."

Akavuta pumzi. "Ni lugha tu. Nilitaka ikufurahishe. Ile picha ilitoka kwenye kamera, ndiyo, lakini nilipoiona nilihisi vilevile nilivyokueleza. Hisia zilikuwa za kweli."

"Na dawa ya tumbo? Na maua? Na moyo wako unaokuambia?"

"Si ulifurahi?" Macho yake yalikuwa makavu na ya kweli kabisa, na hilo ndilo lililonitisha kuliko yote. "Niambie, ni kitu gani nilichokuletea hukukifurahia? Wanaume wangapi wanamjua mchumba wao kama ninavyokujua mimi? Najua unalala upande gani. Najua unaota ukiwa umekunja ngumi. Wenzako wanalalamika waume zao hawawaangalii. Mimi nimekuangalia."

Mama aliacha kupanga karatasi.

"Kijana," mjomba akauliza, "ulikuwa unaangalia wakati gani?"

"Nikipata nafasi tu, mjomba. Kati ya mgonjwa na mgonjwa. Kuhakikisha yuko salama."

Nikamwona. Nilimwona anavua glavu zenye mate ya watu, anaketi, anafungua simu, ananitazama nikivaa. Halafu anavaa glavu nyingine na kumwambia mtu apanue kinywa. Mikono ile nilikuwa nimeishika. Nilikuwa nimeibusu. Nikajifuta midomo kwa kiwiko mbele ya wote, na sikuona haya.

"Mwanangu," mama akaniambia, safari hii kwa sauti ndogo, "amekosa. Lakini mtu akikosa kwa mapenzi..."

"Mama, mwezi wa tatu ulikuja kutibiwa macho hospitali ya karibu na kwangu. Ulilala kwangu siku nne."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unabadilishia wapi nguo?"

Mwanamke huyu mbele yangu hajawahi kutamka neno bafu mbele ya mgeni. Husema anakwenda mara moja. Alivuta nguo yake ya mabegani, akaifunga vizuri kifuani, ingawa ilikuwa imefungwa tayari. Akamgeukia Daktari.

"Uliniona?"

"Mama, siku zile niliizima. Kwa heshima yako. Wallahi niliizima."

"Siku zote nne?"

"Na kama kuna kilichoingia kwa bahati mbaya, nilifuta papo hapo."

Mjomba akavua miwani. "Ulifuta nini, kama ulizima?"

Nje mtoto wa jirani alikuwa anaupiga mpira ukutani, pa, pa, pa. Daktari alitazama zulia. Kisha akanisogelea na kidole kimenyooka, anataka kunifuta chozi ambalo sikujua limetoka.

"Usiniguse."

"Roho yangu..."

"Nimesema usiniguse! Nikikutazama nasikia kutapika. Si maneno ya hasira haya, ni tumbo langu linasema. Nilikuwa nakupenda. Nilikuwa nalala nikiwaza mtu amenisimamia mlangoni akashindwa kuniita. Kumbe hakukuwa na mtu mlangoni. Hakuwahi kuwepo."

Alirudi nyuma hatua moja. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, hakuwa ameniona nikijiandaa.

Mjomba akasimama akafungua mlango. "Toka kwa miguu yako," akasema, "maana mimi nina umri wa kupumzika, si wa kuburuta watu."

Daktari alitoka. Pete yake ya uchumba ilinibana, ikabidi niende jikoni kuivua kwa sabuni. Niliporudi nikamkuta mama ana simu sikioni, anaongea na mama yake Daktari, sauti yake imenyooka kama kamba ya kuanikia.

"Hapana, mama mwenzangu, haijaahirishwa. Haipo. Muulize mwanao sababu. Asipokuambia, mimi nitakuja kwako nikuambie, na sitanong'ona."

Akakata. Akakusanya karatasi zote za meza za wageni akazipasua mara mbili, akaenda kuvaa viatu.

Tulifika polisi kabla jua halijazama, mimi, mama na mjomba. Nilikuwa na saa ndani ya taulo na kompyuta begani. Rula alikuwa amenipigia mara tatu. Mara ya nne nikapokea, nikamwambia hakukosea. Akasema, "Nimehifadhi nakala ya faili lote na namba zake. Likihitajika, nitakuja kulieleza." Hakuongeza neno, nami nilimshukuru kwa hilo.

Askari aliyetupokea alikuwa mwanamke wa makamo mwenye kalamu iliyotafunwa mwishoni. Nikamwonyesha chumba kwenye skrini, na jinsi kamera ilivyokaa juu ya mlango. Alitazama kwa makini. Aliniomba nirudie sehemu ya rafu. Kisha akavuta fomu.

"Uhusiano wako na mtuhumiwa?"

Nikatafuta neno. Mchumba lilikuwa linanuka. Mchumba wa zamani lilikuwa na saa chache tu za umri, na bado lilimweka karibu yangu.

"Dada, nafasi yenyewe ni ndogo hii. Niandike nini?"

"Andika hakuna," nikasema.

Akaandika. Mama, aliyekuwa ameketi kwenye benchi la ukutani akitazama viatu vyake, akanyanyuka. Akavuta kiti cha pili, akakiweka sambamba na changu, akaketi, mkoba mapajani. Alimtazama askari usoni.

"Ukimaliza fomu ya huyu," akasema, "chukua nyingine. Na mimi alinitazama. Nimekuja kuandikisha."